Muulize Mwalimu: Waanze na Kigogo au Kiswahili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa umoja wa kina mama katika kanisa letu hapa Kunduchi. Mwezi wa pili tulianzisha darasa la kisomo kila Jumapili baada ya ibada. Wanafunzi wengi ni kina mama wanaoponda kokoto. Wametoka vijijini Dodoma, na Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Walianza kumi na wanne, sasa wamebaki watano. Mwenzetu mmoja alishauri tuwaanzishe kwa Kigogo. Mzee wa kanisa akasema huo ni ukabila, na kwamba hapa ni Dar es Salaam, siyo Mvumi kule Dodoma. Tufanye nini?
Katibu, Kunduchi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mzee wa kanisa nisalimie, halafu muulize siku alipofiwa na mama yake alilia kwa lugha gani.

Mimi nilishakuwa upande wake, kwa hiyo simcheki. Mwaka 1973 nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Mzigua, nimepelekwa kufundisha kisomo kijiji kimoja cha Mpwapwa bila kujua Kigogo zaidi ya salamu, "mbukwa". Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ya betri inawekwa mezani, watu wanaizunguka, ikizimwa tunajadili vyoo na maji ya kuchemsha. Nikaona neno la kwanza la kufundishia nimeshaletewa. Nikaandika ubaoni: MTU.

Wiki tatu nzima. Kulikuwa na mama mmoja, mtoto mgongoni, aliyeimba "ba be bi bo bu" kuliko wote huku macho yake yakiwa kwa mbuzi wake nje. Nikimwonyesha M anasema "ma". T, "ta". Haya, unganisha: "mata". Kesho yake tena "mata". Moyoni nikamwandika mzito. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikamwuliza: kwenu mtu mnamwitaje? "Munhu." Nikaliandika hivyo hivyo nilivyolisikia, MUNHU. Akanyamaza. Akaweka kidole kwenye MU, akaitamka. Akakisogeza kwenye NHU, akaitamka, halafu akajishika pua na kucheka: hii inatokea huku!

Alikuwa anasoma. Kasoro ilikuwa kwenye neno langu. Ile M ya "mtu" imesimama peke yake, haina irabu nyuma yake, na sikio la Mgogo linaingoja "mu" isiyokuja. Mimi na wewe tumeizoea hata hatuioni. Yeye alikuwa anabebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja: kujua kwamba alama ni sauti, na kujifunza sauti za wenzake. Mzigo wa kwanza mtu huubeba mara moja tu maishani. Akishautua, wa pili ni mwepesi, hasa kwa Mgogo, maana irabu ni zile zile tano na silabi nyingi ni zile zile.

Sisemi kazi yetu ya miaka ile ilikuwa bure. Tangu 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, tulikazana kwa Kiswahili, na kufikia 1986 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wameshuka hadi asilimia 9.6. Najivunia mpaka leo. Ila niliporudi kijiji kile baadaye, baadhi ya waliofaulu mtihani walikuwa wamesahau hata kuandika majina yao. Tuliwapa vitabu vya pamba na mbolea kwa lugha waliyoisikia kwa bwana shamba tu, na nyumbani hakuna aliyewaandikia chochote.

Basi waanzeni kwa Kigogo. Lakini tangu siku ya kwanza waambieni kwamba Kiswahili kinakuja, tena taja na mwezi. Hili nalisisitiza, kwa sababu wanaopenda lugha za nyumbani (na mimi sasa ni mmoja wao) hulisahau. Mama wa darasa lenu anapanda daladala kwa kuangalia rangi ya mstari ubavuni. Kadi ya kliniki ya mtoto imeandikwa Kiswahili, karatasi ya mkopo pia. Akihisi mnamfundisha Kigogo ili abaki alipo, ataondoka, na atakuwa na haki.

Mwalimu asiwe wewe. Tafuteni binti wa Kigogo aliyemaliza darasa la saba, hakosekani humo kanisani, pengine anafanya kazi za ndani kwa mmoja wenu. Mlipeni nauli na chakula, msimwombe ajitolee kwa jina la Bwana. Wewe kaa nyuma umsaidie kuandaa. Neno la kwanza liwe salamu yao, MBUKWENYI, kila mmoja analijua na kulitamka kunachangamsha. Kwenye maandishi ya Kigogo mtakutana na "Cigogo" na pia "Chigogo". Darasani shikeni "ch", ndiyo watakayoikuta kwenye Kiswahili.

Biblia ya Kigogo ipo, itumieni, ila jihadharini na nyimbo na mistari wanayoijua kwa moyo. Mtu mzima ana kumbukumbu ya ajabu. Atakushikia kitabu, kidole kinatembea, wimbo unatoka wote bila kosa, nawe unamshukuru Mungu, kumbe kitabu kiko juu chini. Yalinikuta, mbele ya mgeni kutoka wilayani. Andika mstari kwenye karatasi, ukate maneno kwa mkasi, uyachanganye, umwombe aupange upya. Hapo ndipo utajua.

Kuhusu wale tisa walioondoka, sidhani ni lugha peke yake. Jumapili saa sita mama mponda kokoto anawaza watoto hawajala. Wafuateni Jumanne jioni kule kule machimboni, chini ya turubai, dakika arobaini zinatosha. Na msiliite darasa la kisomo. Mtu mwenye wajukuu haendi mbele ya macho ya watu kutangaza kwamba hajui "a". Liiteni la hesabu. Jirani Mwislamu akitaka kukaa, akae, wala asiulizwe.

Halafu macho. Mpe mama karatasi uone anafanyaje. Akiisogeza mbali, mkono umenyooka, huyo anahitaji miwani ya kusomea kabla ya mwalimu. Waliopita miaka arobaini wengi wako hivyo, na vumbi la mawe haliwasaidii. Mchango mmoja wa Jumapili uende huko. Penseli nazo zizungushieni mpira wa tairi la baiskeli, kwani kiganja kilichozoea nyundo hakiushiki ule mti mwembamba.

Nendeni pia kwa Afisa Elimu Kata mkaandikishe darasa. Serikali ina mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA, na darasa linalojulikana ni rahisi kusaidiwa kuliko lililojificha nyuma ya madhabahu.

Pale machimboni anzeni na ndoo. Kila mama aandike mwenyewe, kwenye kipande cha boksi, jina lake na idadi ya ndoo alizojaza siku hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa upande huo alikuwa anahesabu kwa kupanga vijiwe, na mwenye gari akifika alivipiga teke "kwa bahati mbaya" na kusema thelathini. Siku ya kwanza kumwonyesha boksi lenye 34, yule bwana alilishika, akaligeuza nyuma kutafuta nani kaandika. Akalipa 34. Jumanne iliyofuata mama alikuja na wenzake watatu.

SWALI: Mwalimu, mke wangu anasoma kisomo kanisani. Sasa anataka kushika mwenyewe namba ya siri ya simu yake ya pesa, wakati tangu zamani namtolea mimi kwa wakala. Je, kanisa linafundisha wake zetu kutotuamini?
Baba Wawili, Mbagala

JIBU: Baba Wawili, simu ni yake, pesa ni yake, na namba inaitwa ya siri. Mkabidhi leo, kisha mwonyeshe namna ya kuibadilisha, wewe ukiwa umegeukia ukutani. Meseji za makato pia msiache kuzisoma pamoja. Akikwama kwenye neno usimkatize, hesabu mpaka kumi kwanza. Wengi hulipata wakifika sita.