Moto wa vumbi la alumini: weka ndoo chini

Watu wakiona kovu la mkono wangu wa kushoto hudhani niliungua na mafuta ya kukaangia samaki. Ingekuwa afadhali. Kovu hili ni la vumbi la alumini na ndoo moja ya maji aliyoimwaga jirani mwenye roho safi.

Wakati huo nilikuwa nasubu na kung'arisha sufuria kwenye karakana ya jua kali karibu na Kibuye, hapa Kisumu. Ukishinda unang'arisha, chini ya mashine hubaki vumbi la kijivu, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Tulikuwa tunalifagia na kulitupa kwenye pipa pembeni. Bati la juu lilikuwa na tundu, na msimu ule mvua za jioni zikawa zinadondokea mle mle pipani. Hakuna aliyejali. Nani anaogopa vumbi lililoloa?

Asubuhi moja pipa likawa halishikiki kwa joto. Ndani, vumbi lilikuwa jekundu kama mkaa wa jiko la kuchomea mahindi. Hapakuwa na miali wala moshi wa kutisha. Ulikuwa moto wa kudharauliwa kabisa, na hapo ndipo ulipotupata. Jirani akaja mbio na ndoo. Nilisikia kishindo kama cha tairi la lori kupasuka, kisha mwanga mweupe ambao niliuona hata nikiwa nimefumba macho.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Alumini inayowaka huyapokonya maji oksijeni yake, kinachobaki ni haidrojeni, na haidrojeni hulipuka. Magnesiamu, metali nyingine nyepesi, ni hivyo hivyo, tena kali zaidi. Ukimwaga maji, unauongezea moto chakula. Hata lile joto la pipani lilianza kwa njia hiyo, polepole: vumbi la alumini lililoloa hujipasha lenyewe na kutoa haidrojeni, likiwa limerundikana mahali pasipopitisha hewa. Tarehe 2 Agosti 2014, kule Kunshan nchini China, kiwanda cha kung'arisha rimu za magari kililipuka. Pipa la vumbi la alumini lililoingia unyevu lilijipasha joto mpaka likawaka. Watu 146 walikufa. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka tundu la bati letu, nikaketi chini kwanza.

Basi ukiona vumbi la alumini linawaka, kazi ya kwanza ni kuzuia mikono ya watu. Piga kelele, "Omera, wacha maji!" kabla hujafanya lingine lolote. Pili, zuia mtu asikimbilie mtungi mwekundu wa ukutani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi unatema kwa nguvu, unalirusha vumbi hewani, na vumbi la alumini likishapaa ndani ya chumba na kukutana na moto, hapo si moto tena, ni bomu. Isitoshe, magnesiamu huendelea kuwaka ndani ya gesi hiyo hiyo. Mtungi wa povu una maji ndani yake. Mitungi ya moto wa metali ipo, huandikwa herufi D, lakini katika karakana zetu sijawahi kuuona hata mmoja.

Tulicho nacho ni mchanga. Lakini mchanga mkavu, na neno hilo nalikazia, kwa sababu mchanga wa mtoni uliorundikwa nje una maji kuliko unavyodhani. Sisi huuanika, kisha tunaukaanga kwenye karai, tunautia kwenye pipa lenye kifuniko. Chumvi kavu pia inafaa kwa moto mdogo. Usiutupe kama anayejaza shimo. Uchote kwa koleo la mpini mrefu, uulaze taratibu kuanzia kingo za moto kuelekea katikati, mpaka ufunike kote. Kisha ondoka. Hapo ndipo wengi hukosea: mtu anaona kumetulia, anachokonoa kwa fimbo aone kama umezima. Chini ya ule ukoko bado kuna moto unaosubiri hewa. Uache mpaka kesho yake.

Kama moto ni mwingi kuliko mchanga wako, usishindane nao. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa inafikika, toa watu nje angalau mita 50, wakae upande upepo unakotoka, na uache uungue. Piga 999. Zimamoto wakifika, wakimbilie kabla hawajafungua mpira, uwaambie ni vumbi la metali gani, kiasi gani na liko wapi. Lori lao limejaa maji, hawawezi kubahatisha.

Aliyeungua, mpangusie vumbi kavu kwanza, kisha mpooze kwa maji safi yanayotiririka dakika 20. Ndiyo, kwa ngozi maji ni sawa. Dawa ya meno na siagi, hapana. (Mimi nilipakwa dawa ya meno. Daktari alinuna.)

Barabarani mambo ni mengine kidogo. Malori ya kwenda Busia na Malaba hupita hapa na mizigo ya kila aina. Kibao cha buluu chenye alama ya moto maana yake mzigo ni hatari ukilowa. Kile cha mistari myeupe na myekundu ni cha vitu vikavu vinavyoshika moto upesi. Namba 1396 ni unga wa alumini usiopakwa kitu, 1309 uliopakwa, 1418 ni wa magnesiamu. Likipinduka lori la hivyo, msilisogelee kuokota wala kutazama. Kule Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, lori lililopinduka lilikuwa la petroli, na waliokufa walipita 100, wengi wao waliokuwa wamekuja na madumu kuchota mafuta.

Kwa mafundi wenzangu, nyongeza tatu. Grinda moja isitumike kwa chuma na alumini, maana kutu ikichanganyika na vumbi la alumini, cheche moja huzaa joto la kuyeyusha chuma. Pili, anayewaletea injini ya Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la kobe, awaambie mapema: kasha lake lina magnesiamu, si la kukatwa ovyo. Na vumbi msilipulize kwa kompresa, lifagieni kwa brashi laini kila jioni.

Pipa letu la mchanga bado lipo mlangoni. Wiki iliyopita nilifunua nikakuta limebaki robo, kumbe kuna mtu alikuwa anapiga plasta choo. Nimelijaza upya, na safari hii nimelifungia kwa mnyororo usio na kufuli, ili umsumbue mwizi tu.