Kabla hujaandika andiko la ruzuku ya nishati, jua hela inatoka wapi

Vijana wa chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru na wa Chuo cha Ufundi Arusha hupita mara kwa mara kwenye karakana yangu Sakina, na swali lao ni lile lile: kaka, hela ya kuendeleza utafiti wetu tutaipata wapi? Nimefanya kazi kwenye miradi ya biogesi na sola, ya wafadhili na ya wawekezaji. Ninachowaambia kwanza ni kwamba hela hii ina misimu, na kazi yako hata iwe nzuri vipi, haibadilishi msimu.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 na tena 1979, serikali za nchi tajiri zilimwaga fedha kwenye utafiti wa nishati. Ni katika miaka ya 1980 ambapo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini hapa Arusha, ilianza kueneza mitambo ya biogesi kwa msaada wa Wajerumani. Mafuta yaliposhuka bei 1986, bajeti nyingi zikasinyaa. Mwaka 2015, pale Paris, nchi 20 zikaahidi kupitia mpango wa Mission Innovation kuongeza maradufu fedha za umma za utafiti wa nishati safi ndani ya miaka 5. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa, na Power Africa, mpango wake wa umeme barani Afrika, ikaenda nayo.

Wawekezaji binafsi nao wana kasi yao. Kati ya 2006 na 2011 mitaji ya Marekani iliweka zaidi ya dola bilioni 25 kwenye kampuni changa za nishati safi, ikapoteza zaidi ya nusu. Betri mpya huhitaji miaka mingi ya maabara, kisha kiwanda. Mwekezaji hana subira hiyo. Off Grid Electric, iliyoanzia hapa hapa Arusha, ilivuta mamilioni ya dola kwa kuwauzia watu umeme wa sola wa kulipia kidogo kidogo kwa simu. Paneli zilikuwa zimeshavumbuliwa na wengine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama kifaa chako bado kiko mezani, tafuta hela ya umma: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), chuo, ruzuku za utafiti. Mwekezaji mfuate ukishakuwa na wateja wanaolipa.

Na takwimu zako zikae mikononi mwako. Mradi mmoja wa biogesi niliofanyia kazi Meru ulikatishwa ghafla. Mfadhili alifunga akaunti, na vipimo vyote vya mita za gesi vikapotelea huko huko. Kilichotuokoa ni daftari la mama mmoja mfugaji. Kila asubuhi aliandika ndoo za samadi alizomimina, maji aliyochanganya, na saa ambayo moto wa jiko ulianza kufifia wakati maharage yakiwa hayajaiva. Kurasa zake zilikuwa na madoa ya samadi, lakini zilionyesha wazi kwamba msimu wa baridi gesi ilipungua. Mfadhili aliyefuata alizisoma moja moja kabla ya kukubali kuendelea nasi.

Kwenye bajeti weka fungu la matengenezo, hata wakikwambia halihitajiki. Vali huanza kuvuja mradi ukiwa umeshafungwa. Uliza pia mita na kompyuta zitabaki kwa nani. Kama jibu halimo kwenye mkataba, omba liandikwe kabla hujasaini.