Satini ya kung'aa kwenye shoo ya moto, inafaa?

Swali: Shikamoo fundi. Sisi ni kikundi cha sarakasi hapa Dodoma, tumepata kazi ya kuzungusha moto kwenye harusi mwezi ujao na bibi harusi anataka tung'ae. Tumeona satini ya dhahabu Majengo, muuzaji anasema ni pamba na poliesta kwa hiyo haina shida. Halafu tunafikiria kuipulizia dawa ya kuzuia moto. Unatushauri nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hiyo satini muachie muuzaji wake.

Kitambaa chochote cha sokoni kinashika moto, hata pamba, ila pamba ikiungua inakuwa majivu na mwenzako akikupiga taulo mbichi inazimika. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi, inakuwa uji wa plastiki, inagandia ngozi na inaendelea kukuunguza hata moto ukishazima. Kuna kijana nilimshuhudia amevaa suruali ya kubana ya laikra, likamdondokea pajani tone moja tu la mafuta yanayowaka, tundu kwenye suruali lilikuwa dogo kama shilingi mia lakini kilichogandia kwenye nyama walikitoa hospitali kidogo kidogo kwa kibano na yule kijana analia, kovu analo mpaka leo.

Na huo mchanganyiko wa pamba na poliesta anaousifia muuzaji mimi ndio naogopa zaidi, maana nyuzi za pamba zinabaki zimesimama kama utambi, poliesta iliyoyeyuka inanyonywa humo humo na kuwaka, yaani unakuwa umevaa mshumaa.

Usiamini neno la dukani wala lebo, pima mwenyewe. Chomoa nyuzi chache, za urefu na za upana kwa sababu zinaweza kutofautiana, shika kwa kibano cha chuma juu ya sufuria yenye mchanga, nje, mahali upepo haufiki, halafu washa kiberiti. Pamba inanuka karatasi na jivu lake laini linasagika vidoleni. Poliesta inajikunja kama inakimbia moto, inatoa moshi mweusi, inaacha kidonge kigumu, na usikiguse mpaka kipoe kabisa. Sufu inanuka nywele zilizoungua, hiyo ni nzuri sana kwa moto ila kwa jua letu mtateseka.

Mimi ningewashonea marekani nzito, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kaki ya pamba au jinzi. Pale Sabasaba kwenye mitumba tafuteni zile jinzi nzito za zamani zisizovutika, zinazovutika zina laikra. Vitenge vingi siku hizi ni poliesta, na shuka zile nyekundu mnazopenda kwa ajili ya ngoma nyingi ni akriliki, inawaka vibaya mno, kwa hiyo zipimeni nazo. Mwambieni bibi harusi mkivaa nyeusi tupu ya pamba usiku moto wenyewe ndio utang'aa, picha zitatoka vizuri kuliko za satini.

Mwambieni fundi atumie uzi wa pamba, uzi wa kawaida wa cherehani ni poliesta na mshono unaachia. Mikono isiwe mipana. Ndani vaeni pamba pia, watu wanasahau chupi na singlendi za nailoni. Rasta na wigi vifungwe ndani ya kilemba cha pamba kilicholoweshwa kidogo.

Hiyo dawa ya kuzuia moto inasaidia pamba kuchelewa kushika, lakini nyingi zinatoka mkifua au mkitoka jasho, na haizuii poliesta kuyeyuka. Kwa mafuta ya kuwashia moto wenu, petroli msiguse kabisa, mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya kugandisha, tumieni mafuta ya taa na nguo ikidondokewa ibadilisheni kabla ya kuwasha.

Mtu mmoja asicheze, asimame pembeni na taulo la pamba lililoloweshwa na kukamuliwa. Mtu akiungua mwagieni maji safi ya bomba dakika 20, msipake dawa ya meno wala asali, na kitambaa kikigandia ngozini msikivute, kateni pembeni yake kwa mkasi muende hospitali hivyo hivyo.