Uliza Fundi: Kidhibiti janja cha bustani kitakula kiasi gani?

SWALI. Bustani yangu ya ukoka ina mita za mraba 240. Ina zoni nne za vinyunyizi vya kuchomoza na saa ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, inayofungulia kila zoni dakika 30 kila alfajiri. Maji ya bomba yanaingia kwenye simtank la lita 5,000, kisha pampu ya HP 1 inasukuma. Nataka niwe naendesha kwa simu. Fundi anasema kila kitu king'olewe, shilingi milioni 4 na nusu. Ni haki kweli?
*Mwenye nyumba, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

JIBU. Usimpe hata ya nauli kwanza. Mfumo unapofanywa janja, kinachobadilika hasa ni boksi la ukutani: saa inatoka, kidhibiti kinaingia. Mabomba, waya na valvu vikiwa vizima hubaki vilevile.

Fungua kifuniko cha sanduku la valvu usome koili, ile sumaku ya umeme inayofungua valvu. Ikiwa imeandikwa 24 VAC (volti 24 za umeme geu, AC), inakubaliana na karibu kila kidhibiti janja kilichoko sokoni. Zima umeme, chomoa waya wa koili, pima kwa mita ya fundi umeme: omu 20 hadi 60 ni nzima. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua ndani. Rudishia waya wa koili, kisha pima tena ukiwa kwenye saa, kati ya waya wa zoni na waya wa pamoja, ule unaotumiwa na koili zote. Koili ikisoma vizuri pale bustanini lakini huku kwenye saa hakuna kitu, waya umekatika njiani, na mara nyingi ni kwenye maungio yaliyofungwa kwa tepu ya kawaida yakala kutu. Tumia viungio vyenye grisi ndani.

Sasa bei. Kidhibiti janja cha zoni 6 hadi 8 kwa matumizi ya nyumbani huuzwa Marekani kwa takriban dola 100 hadi 250. Juu yake weka usafiri, ushuru na VAT. Sensa ya mvua ya waya ni kama dola 25 hadi 40. Kwenye transfoma ndipo watu wengi wanapoungua, na kuungua kwenyewe ni kwa moto: vidhibiti vya soko la Marekani huja na transfoma ya volti 120, sisi ukutani tuna 230. Nunua transfoma ya 230 kwenda 24, ampea 1. Na iwe ya AC. Adapta ya volti 24 DC inaweza kufanana nayo kwa umbo, lakini koili ya AC ikipewa DC huvuta umeme mwingi kupita kiasi na kuungua.

Kitu kingine ambacho huwa hakimo kwenye makadirio ya mafundi ni relei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayowasha pampu kwa amri ya kidhibiti. Kidhibiti hutoa volti 24 za kuamsha valvu tu, hakiwezi kubeba pampu. Weka relei au kontakta yenye koili ya 24 VAC na miguu inayohimili mshtuko wa pampu kuwaka. Ya ampea 30 inatosha kwa HP 1. Kwenye njia hiyohiyo unganisha swichi ya boya ndani ya simtank. Siku ya mgao simu haijui kwamba tangi ni tupu. Pampu itazunguka kavu hadi sili yake iyeyuke, na utanunua pampu nyingine.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio la makopo. Panga makopo 12 yenye kuta zilizonyooka ndani ya zoni moja, fungulia dakika 15, kisha pima kina kwa rula. Vinyunyizi vya aina yako kwa kawaida hutoa milimita 10 hivi kwa muda huo. Lakini wastani si habari yote. Kopo moja likiwa na milimita 3 na jingine 17, tatizo ni presha au nafasi kati ya vinyunyizi, na hakuna boksi litakalotibu hilo: litaongeza dakika hadi pakavu palowe, huku penye maji pawe tope. Weka geji ya presha karibu na kinyunyizi maji yakiwa yanatoka. Bar 2 ndiyo inayotakiwa. Ikipungua sana, maji hayafiki kwenye kinyunyizi cha jirani. Ikizidi 3 na nusu yanageuka ukungu, na upepo wa baharini unayapeleka kwenye kuta. Kinyunyizi cha mita 4 na nusu kinatakiwa kifike hadi kwenye mguu wa kinachokifuata.

Kisha piga hesabu. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Wakati wa joto ukoka unahitaji kama milimita 5 kwa siku, yaani lita 1,200 kwa eneo lako lote. Dakika zako 30 ni milimita 20, lita 4,800. Tangi karibu linakauka kila asubuhi! Ukiteremsha hadi dakika 7 au 8 kwa zoni, unaokoa lita 3,600 kwa siku, yaani uniti 108 za maji kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000), pamoja na saa moja na nusu ya pampu kila siku, ambayo ni kama uniti moja na nusu ya umeme wa LUKU kwa siku. Zidisha kwa bei iliyo kwenye ankara yako.

Ila angalia: akiba hiyo karibu yote unaipata leo kwa kuizungusha ile saa ya zamani, bure. Kidhibiti janja kinakuongezea kusimama chenyewe mvua za masika na vuli zinapofika, na kupunguza siku za mawingu. Kama hilo linakufaa, nunua. Milioni 4 na nusu ni bei ya mfumo mpya, na wewe hujasema kwamba wa zamani umekufa.

SWALI. Kidhibiti changu kinapoteza mtandao kila mara, na juzi kilimwagilia mvua ikinyesha. Nirudishe dukani?
*Msomaji, Ruiru, Kenya*

JIBU. Usirudishe bado. Vidhibiti vingi husikia waifai ya 2.4 GHz tu. Kama ruta yako imeziunganisha 2.4 na 5 kwa jina moja, zitenganishe. Boksi la chuma na ukuta wa mabati huua mawimbi pia. Kuhusu mvua, programu husoma taarifa za hali ya hewa za eneo pana, na wingu la Ruiru laweza lisifike Thika. Funga sensa ya mvua kwenye ukingo wa paa, pasipo kivuli cha mti, uiweke kwenye milimita 6, ili izuie umwagiliaji mvua ikifika kiasi hicho. Na mwezi wa Julai, baridi na mawingu yakitanda, shusha asilimia ya msimu, ule mpangilio unaopunguza dakika za zoni zote kwa pamoja, hadi 60.

SWALI. Niko Texas. Kuna nafuu yoyote ya gharama ya kidhibiti janja?
*Msomaji, Dallas*

JIBU. Tafuta chenye nembo ya WaterSense ya shirika la mazingira la Marekani, EPA. Mamlaka kadhaa za maji huko hurudisha sehemu ya bei ya vidhibiti vyenye nembo hiyo. Uliza kwanza kabla ya kununua, maana nyingine zinataka kibali mapema, na risiti usitupe. Kufunga mwenyewe ni kazi ya nusu saa: piga picha waya za boksi la zamani, andika namba ya kila zoni kwenye kipande cha tepu, na ule wa pamoja, ambao mara nyingi ni mweupe, uingie kwenye tundu lililoandikwa C.