Je, Uganda lazima iombe ruhusa Misri kutumia maji ya Nile?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli sisi wa Jinja hatuwezi kugusa maji ya Nile bila ruhusa ya Misri. Hilo linatokana na mkataba wa 1929, ambao Uingereza iliutia saini na Misri kwa niaba ya makoloni yake. Wazee wetu hawakuulizwa. Hata bwawa la umeme la Owen Falls hapa Jinja, lililofunguliwa 1954, Misri ilichangia fedha na kuweka mhandisi wake wa kuangalia maji yanayoachiwa. Kisha mwaka 1959 Misri na Sudan wakagawana: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Sisi tulio kwenye chanzo, hata tone! Ethiopia vilevile, nchi ambako maji mengi yanayofika Misri ndiko yanakotoka.

Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, wa kutumia maji kwa haki, ulianza kutiwa saini Entebbe Mei 2010, na ukaanza kutumika Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuuridhia. Misri na Sudan wameukataa, kwa sababu walitaka matumizi yao ya sasa yalindwe. Tungekubali, tungekuwa tumerudi kulekule 1929. Hofu ya Misri naielewa, mvua kwao karibu hakuna. Lakini mkulima wa Busoga, mahindi yake yakikauka huku mto unapita, naye ana haki.