Re: Bridei aliishi miaka mingapi?

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu Bridei wako, mfalme wa Wapikti (watu wa kale wa kaskazini mwa Uskoti), anampokea mtawa Columba, halafu miaka mia na ushei baadaye anampiga Ecgfrith, mfalme wa Northumbria. Hao ni watu wawili. Kabla ya mwaka, angalia jina la baba.

Bridei wa Maelchon ndiye wa Columba, aliyefika kisiwa cha Iona mwaka 563. Adomnán, aliyeandika maisha ya Columba, anasimulia lango la ngome ya Bridei, karibu na mto Ness, likifungwa mbele ya mtakatifu.

Wa Ecgfrith ni Bridei wa Bili. Mwanahistoria Beda anasema adui walijifanya kukimbia, wakamvuta Ecgfrith hadi kwenye njia nyembamba milimani, akauawa 20 Mei 685. Bridei huyo alifariki 693. Uwanja wenyewe wa vita, Dunnichen au Dunachton, wataalamu bado wanavutana, kwa hiyo usiuweke kwenye ramani kwa wino.