Kamera ya blaki endi waiti? Usiuze bodaboda kwanza

Kaka, umeuliza kama ni lazima upate kamera ya blaki endi waiti tupu ndo ukapige magofu ya Kilwa Kisiwani, jibu langu hapana. Zipo kweli, Leica walitoa M Monochrom 2012, Pentax nao wakaja na K-3 Mark III Monochrome 2023, sensa zake hazina vichujio vya rangi kwahiyo zinapokea mwanga mwingi zaidi na picha inakuwa kali, ila bei mmh. Halafu ukishapiga huwezi tena kulitia anga weusi kwenye kompyuta kwa kuchezea rangi, inabidi ufunge filta nyekundu kwenye lenzi palepale.

We na kamera yako ya kawaida piga RAW (faili ghafi, kamera haijalichakata), rangi zote zinabaki humo, ukirudi nyumbani unashusha bluu tu na anga la Kilwa linakuwa zito, mawingu yanatokeza. Skrini ya kamera iweke monokromu (ionyeshe blaki endi waiti) ili jicho lizoee kusoma kivuli (mi hii ndo ilinisaidia kuliko kifaa chochote).

Lenzi chukua 35mm f/1.8 (hiyo f/1.8 maana yake inafunguka sana, inaingiza mwanga mwingi) kama sensa yako ni APS-C, ile ndogo kuliko fulfremu, hapo inaona karibu sawa na 50mm kwenye fulfremu. Mule ndani ya Msikiti Mkuu kwenye matao itakubana, haionyeshi eneo pana, beba na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera. Na wahi asubuhi jua likiwa chini, yale mawe ya matumbawe yanaonyesha vishimo vyote, saa sita mchana ukuta unakuwa bapa kama chapati.